Bei ya Saa Moja: Anayeanza Muziki Alipie Nini Kwanza?

Kwa karibu miaka miwili gitaa lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Dar es Salaam. Nililinunua Kariakoo kwa shilingi 180,000, baada ya kuvutana na muuzaji kuanzia 220,000. "Kaka, chukua hili. Hili hata mtoto anapiga," aliniambia. Sikumuuliza mtoto wa nani. Mwezi wa kwanza nilipiga hadi ncha za vidole zikawaka moto. Mwezi wa pili nilipiga Jumapili kwa Jumapili. Kuanzia wa tatu, gitaa lilisikika pale tu mtu alipofungua mlango kwa nguvu na likagonga ukuta. Ngoma ya watoto haikeshi, na mimi pale nilikuwa mtoto.

Siku moja nikakaa na kalamu nikajumlisha muda wote niliolishika lile gitaa. Nikapata saa 11. Gawanya 180,000 kwa 11: kila saa moja ya muziki ilinigharimu zaidi ya shilingi 16,000, tena muziki wenyewe haukuwa wa kumwita mtu asikilize.

Jirani yangu, mama mwenye watoto wawili, anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lake. Wanafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara. Nilimwomba anihesabie alichotumia mwaka mzima: kitambaa cha sare na ushonaji, michango ya safari moja, nakala za nyimbo. Ikafika kama 120,000. Kwa wiki 48 za mazoezi hizo ni saa 192, yaani shilingi 625 kwa saa. Na yeye anaimba.

Tangu hapo nimeacha kulinganisha bei ya vyombo dukani. Ninalinganisha bei ya saa moja: jumla ya fedha zote zitakazokutoka, ugawe kwa saa utakazopiga au kuimba kweli. Kipimo hiki kinaweza kukigeuza chombo cha laki nane kuwa rahisi kuliko cha laki moja na nusu. Kinaonyesha pia kwamba kitu cha kwanza anachohitaji anayeanza hakiuzwi dukani. Kitu hicho ni sikio.

Sauti: chombo kisicho na duka

Anayetaka kujifunza muziki kwa fedha kidogo kabisa aanze kuimba, hata kama lengo lake ni gitaa au kinanda. Sikio likishajua do iko wapi na so iko wapi, mkono unakuwa na wa kuuongoza. Asiye na sikio hukaa na gitaa lisilolingana sauti wiki tatu bila kujua, akadhani kosa ni la vidole vyake.

Shule kubwa ya sikio Afrika Mashariki ni kwaya, na kitabu chake ni solfa. Mfumo huu wa do, re, mi ulienezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akiujenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, na wamisionari wakauleta huku. Umedumu kwa sababu nyingi, na mojawapo ni ya kiuchumi. Solfa huandikwa kwa herufi za kawaida, nukta na mistari. Mwalimu wa kwaya anaweza kuiandika ubaoni, akaipiga chapa kwa mashine yoyote, au akaituma kwa ujumbe wa simu. Mwanafunzi anahitaji daftari na kalamu tu.

Kwaya pia inakupa kitu ambacho mwalimu wa peke yake hawezi kukupa: watu wanaoimba pembeni yako. Ukikaa katikati ya besi wanne wanaojua kazi, sauti yako inavutwa mahali pake bila maelezo mengi. Siku utakayoweza kushika sauti yako huku sauti ya kwanza wakipanda juu, ujue sikio limeanza kukomaa.

Lakini tusidanganyane kwamba kwaya ni bure. Ulizia mapema mambo manne: sare hubadilishwa mara ngapi kwa mwaka, michango ya safari na misiba ikoje, kama kuna mpango wa kurekodi, na mazoezi huisha saa ngapi. La mwisho linahusu nauli, kwa sababu daladala ikishakwisha utapanda bodaboda. Na kwaya si darasa la mtaani. Ni huduma ya watu wenye imani yao. Anayeingia kuchukua mafunzo tu, bila nia ya kuhudumu, hujulikana mapema.

Kwa Mwislamu, madrasa imekuwa shule ya sauti kwa muda mrefu zaidi. Anayesoma kwa tajwidi tangu utotoni hujifunza kupumua, kurefusha na kutamka kila herufi mahali pake, na katika kaswida hujifunza kuitikia kwa pamoja. Chombo kinaweza kuwa dufu peke yake.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyetoka kijiji cha Fumba, Unguja, aliuza vyungu akivinadi njiani kwa sauti yake kabla hajafundishwa uimbaji mjini. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi sahani za santuri. Sauti ilikuwa imefanya kazi ya kumlisha muda mrefu kabla ya udi na fidla kuisindikiza.

Gitaa: bei ndogo, vidole vichungu

Gitaa la mbao lisilotumia umeme ndilo chaguo la wengi, na kwa haki. Linabebeka, halihitaji luku, na mishiko mitatu au minne ya kubana nyuzi inatosha kusindikiza nyimbo nyingi. Kwa la kuanzia, lililo jipya na linaloshikika, tenga kati ya 150,000 na 250,000. Bei hupanda na kushuka kwa duka na kwa ujasiri wako wa kupatana.

Uamuzi wa kwanza ni aina ya nyuzi. Gitaa la nyuzi za nailoni lina shingo pana na nyuzi laini, kwa hiyo vidole havichubuki sana. La nyuzi za chuma lina sauti kali inayosikika mbali, lakini wiki za kwanza litakuumiza. Kwa mtoto, na kwa mtu mzima anayejijua kuwa si mvumilivu, nailoni ni salama zaidi. Yamaha, kwa mfano, wana C40 la nailoni na F310 la chuma. Yote mawili yanajulikana sana kwa wanaoanza, na hilo linasaidia siku utakapotaka kuuza. Usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Mvuto wake ni mkubwa, unaweza kuling'oa daraja.

Uamuzi wa pili ndio ulioniponza mimi: urefu wa nyuzi kutoka kwenye shingo. Tazama vile vichuma vinavyokatiza shingo, pale kwenye kichuma cha 12, katikati ya uzi. Nafasi kati ya uzi na kichuma ikiwa milimita mbili hadi tatu hivi, ni sawa. Ikiwa kidole cha mtoto kinapita chini yake, utabana kwa nguvu za kufungua bomba lililoshika kutu, na utaacha. Gitaa la namna hiyo si lazima liwe bovu. Fundi anaweza kusaga kidogo kidaraja kinachobeba nyuzi na kuzishusha. Lakini muuzaji hatakuambia, na wewe hutajua kama kosa ni lako au la gitaa.

Uamuzi wa tatu unafanywa kwa sikio. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubane kwenye kichuma cha 12 na upige tena. Unatakiwa kusikia do ya chini na do ya juu. Sauti ya pili ikiwa imepanda kupita kiasi au imelegea, gitaa hilo halitaimba sawa hata ukilikaza vipi. Hapa ndipo miezi mitatu ya kwaya inapoanza kurudisha fedha zake: aliyeimba solfa analikataa gitaa hilo kaunta, na asiyeimba analibeba nyumbani.

Ongeza mfuko wa kulibebea na seti moja ya nyuzi za akiba. Chombo cha kupimia sauti usinunue. Programu za simu kama GuitarTuna zina toleo la bure linalotosha kabisa kukaza nyuzi sita: E, A, D, G, B, E. Gitaa la umeme liache kwanza. Bei yake si ya gitaa peke yake. Kuna kebo na spika, na majirani nao watatoa maoni.

Kinanda: ghali dukani, mpole nyumbani

Kinanda cha umeme kina fadhila moja kubwa kwa anayeanza: sauti yake tayari iko sawa. Bonyeza do, itatoka do. Hakuna kukaza, hakuna vidole vya kuwaka. Siku ya kwanza unaweza kupiga wimbo mfupi ukatambulika. Kwa anayetaka kuimba ni msaada mkubwa zaidi, kwa kuwa kila noti unayoitafuta kooni unaweza kuibonyeza na kuisikia.

Ubaya wake ni fedha ya mwanzo. Kinanda cha kujifunzia chenye funguo 61, kutoka kampuni inayojulikana kama Yamaha au Casio, kitakudai mara tatu au nne ya bei ya gitaa. Tenga laki saba hadi tisa kwa kipya. Vile vidogo vya funguo 37 na vipande vyembamba ni vya kuchezea watoto. Mikono miwili haienei, na vidole vinazoea upana usio wenyewe.

Unapochagua, ulizia jambo moja kabla ya idadi ya midundo na taa: je, funguo zinatambua nguvu ya kidole? Ukigusa taratibu sauti iwe ndogo, ukigonga kwa nguvu iwe kubwa? Kinanda kisicho na uwezo huo hufundisha mkono uvivu, na ukihamia piano unaanza upya. Midundo 200 ya kucheza yenyewe inavutia dukani, lakini haimfundishi mtu kitu. Inamfanya asikike kana kwamba anajua.

Umeme usikutishe. Vinanda vingi vya aina hii hutumia pia betri sita za AA. Vina tundu la spika za masikioni, na kwa anayeishi kwenye nyumba ya wapangaji hilo tundu lina thamani ya saa nyingi: unaweza kufanya mazoezi saa nne usiku bila kumkera mtu. Ukitumia kipimo chetu, kinanda cha 800,000 kinachopigwa nusu saa kila siku kwa mwaka mmoja ni karibu saa 182, kama shilingi 4,400 kwa saa. Mwaka wa pili inashuka nusu. Gitaa langu la 180,000 lilikuwa ghali karibu mara nne ya hapo.

Piano ya mbao tuiage kwa heshima. Ina nyuzi zaidi ya 200, unyevu wa pwani hauipendi, na atakayekuja kuzikaza si fundi wa kila mtaa.

Vyombo vya kwetu: mwalimu ndiye fundi

Kuna njia ambayo wengi wetu hatuipigii hesabu kabisa. Zeze na marimba ya mkono ya Wagogo, nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane, ngoma, kayamba na filimbi hutengenezwa hapa hapa. Hakuna meli, hakuna ushuru wa bandari. Bei inapatanwa na fundi mwenyewe, na mara nyingi fundi huyo ndiye mpigaji na ndiye mwalimu, kwa hiyo ukinunua chombo unakuwa pia umepata somo la kwanza. Kikivunjika, unajua pa kukirudisha.

Bagamoyo ni mahali pa kuanzia kutafuta. Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, kiliwahi kuwa na Hukwe Zawose, Mgogo aliyelipeleka zeze na marimba kwenye majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003. Mji ule bado una watu wanaoishi kwa vyombo hivi.

Tahadhari ni moja: mpangilio wa sauti za zeze la Kigogo haufuati ngazi za kinanda. Ukinunua ukitarajia kulipiga pamoja na kinanda cha kanisani, vitagombana. Jifunze kwa ajili ya muziki wake wenyewe.

Kwa taarabu, Unguja kuna Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa 2002 kufundisha muziki wa nchi za majahazi: udi, kanuni, fidla, kodiani, dumbaki na uimbaji. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na kuzikaza peke yake ni mazoezi. Udi hauna vichuma shingoni, kidole kikikosea kidogo sauti inahama. Vyombo hivi vyote viwili vinadai sikio lililokwisha kuamka. Kwa anayeanza, chuo ambacho chombo kipo darasani ni bora kuliko kuagiza udi kutoka ng'ambo kisha uanze kumtafuta mwalimu.

Nani akusahihishe?

Kununua chombo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mtu wa kukuambia "hapana, rudia."

Mwalimu wa peke yako ndiye wa haraka zaidi, na ndiye ghali. Tuseme anadai 20,000 kwa saa, mara moja kwa wiki. Kwa mwezi ni 80,000. Kama hushiki chombo hadi siku ya somo, unalipa 20,000 kwa kila saa ya muziki. Ukifanya mazoezi dakika 20 kwa siku sita, unaongeza saa mbili kila wiki, na bei inashuka hadi kama 6,700. Mwalimu yule yule, ada ile ile. Kwa hiyo asiye na dakika 20 za siku asiajiri mwalimu bado. Mwenye nazo anaweza hata kumwomba mwalimu waonane kila baada ya wiki mbili, akapunguza ada nusu. Kabla ya kulipa, kubalianeni nani anamfuata mwenzake, somo ni dakika ngapi, na nini kitatokea mmoja wenu akikosa kufika. Usilipe miezi mitatu mbele kwa mtu ambaye hujasoma naye hata mara moja.

Vyuo vina ratiba, vyombo na wenzako wa kushindana nao. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza 1944, na wengi wanaopita njia hiyo huelekea kwenye mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa 1889, yenye madaraja manane. Mitihani hiyo ina faida kwa anayetaka kusoma muziki chuo kikuu au kufundisha. Kwa anayetaka kuimba kwenye harusi ya mdogo wake, haina haja. Kila daraja lina ada yake, na ada hupanda na daraja. Tena ukitaka kuvuka daraja la tano la kupiga chombo, utadaiwa kwanza kufaulu nadharia ya daraja la tano au kitu kinachokubalika badala yake. Mzazi mwenye bajeti ya mtihani mmoja hugundua njiani kwamba ni miwili.

Simu ni mwalimu wa bei ndogo kuliko wote, na asiyekuona. Masomo ya gitaa ya Justin Sandercoe, JustinGuitar, yapo mtandaoni tangu 2003, na kozi yake ya kuanzia ni ya bure na imepangwa hatua kwa hatua. Lugha ni Kiingereza. Gharama ni bando: video ya ubora wa kati hula takriban nusu GB kwa saa, kwa hiyo pakua ukiwa mahali penye intaneti ya bure ukaangalie nyumbani. Jihadhari na programu za kulipia kwa mwaka. Nyingi hukupa siku saba za majaribio, zikachukua namba ya kadi, na siku ya nane hukata ada nzima bila kubisha hodi. Weka kengele siku ya sita. Na kumbuka kwamba video haioni kiwiko chako kilivyopinda. Hata anayejifunza kwa simu amtafute mtu wa kumtazama mara moja kwa mwezi.

Njia ya nne ndiyo ya wazee wetu wa dansi. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, na Mlimani Park ilipoanza 1978 nayo ikaja kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya bendi. Kijana alikaa mazoezini, akabeba spika, akamtazama mpiga rizimu hadi siku rizimu alipougua, naye akaitwa kupiga deiwaka. Wanamuziki wa zamani walicharaza miaka mingi kwa gitaa lisilo lao. Sisi wa leo ndio tuliogeuza mambo tukadhani lazima kuanza na risiti. Njia hii ingali hai katika bendi za mitaani na matarumbeta ya makanisa. Jeshi la Wokovu, na sharika za Kilutheri kaskazini mwa Tanzania, zina bendi za matarumbeta ambazo chombo ni cha kundi na si cha mtu. Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics umewafundisha watoto vyombo vya okestra bila wazazi wao kununua fidla. Ukiona mlango kama huo karibu nawe, bei ya saa inakaribia nauli tu. Utalipa kwa utii na kwa muda.

Gharama zinazojificha

Hewa ya pwani. Chumvi na unyevu hula nyuzi za chuma na kulegeza gundi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na gitaa lilale kwenye mfuko wake, mbali na dirisha na nje ya buti la gari lililoachwa juani.

Vyombo vya mtumba. Kinanda kilichotumika kinaweza kukuokolea theluthi ya bei, lakini kibonyeze funguo moja baada ya nyingine, zote 61, kisha jaribu tundu la spika, la umeme na sehemu ya betri. Gitaa litazame kwa pembeni kama fundi seremala anavyotazama ubao: shingo iwe imenyooka, na mbao iliyo nyuma ya daraja isiwe imefura.

Kuagiza nje. Bei unayoiona kwenye skrini siyo utakayolipa. VAT ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na hupigwa baada ya usafiri na ushuru kuongezwa. Chombo cha kuanzia nunua hapa hapa, kwa mtu unayeweza kumrudia.

Studio. Hili nawaambia vijana. Kurekodi wimbo kabla ya kujua kuimba ni gharama inayokula wengi. Programu ya kunyoosha sauti itakunyoosha kwenye kinasa, lakini siku ya jukwaa utapanda wewe mwenyewe. Fedha za wimbo mmoja wa studio weka kwenye miezi ya masomo, studio haihami.

Kwa mfuko wako

Mwenye chini ya 50,000: imba. Jiunge na kwaya, kikundi cha kaswida au cha ngoma kilicho karibu. Nunua daftari, jifunze solfa, weka programu ya kupimia sauti kwenye simu. Miezi mitatu.

Mwenye laki tatu: baada ya miezi hiyo mitatu, nunua gitaa la nailoni lisilozidi laki mbili, mpe fundi alitazame, na kinachobaki kiwe nyuzi, mfuko na masomo matatu au manne ya mwanzo. Usimalizie fedha zote kwenye chombo. Gitaa la 180,000 lenye masomo manne lina nafasi kubwa ya kupigwa kuliko la 300,000 lisilo na mtu wa kukuelekeza.

Mwenye milioni moja: kinanda cha funguo 61 zinazotambua mguso, stendi, spika za masikioni, na masomo ya mwezi mmoja au miwili. Kama wako wawili au watatu nyumbani, hili ndilo chaguo la wazi. Kinanda kimoja hupigwa na wote, na saa zinajumlishwa.

Asiyejua kama atadumu: azima. Hakuna aibu. Mwombe mwenye gitaa nyuma ya mlango.

Mimi niliombwa. Yule mama jirani ana kijana wa miaka 16 anayeimba besi kwaya moja na mama yake. Alikuja jioni moja. "Shikamoo anko. Mama amesema una gitaa hulipigi." Nikamwambia marahaba, lichukue. Baada ya wiki alirudi kuniambia kwamba gitaa si bovu, ila nyuzi zilikuwa juu mno. Alisikia siku ile ile kwamba likibanwa linapanda sauti. Akalipeleka kwa fundi anayetengeneza vyombo vya kwaya yao, fundi akasaga kidaraja, shilingi 10,000.

Miaka miwili nilidhani sina kipaji. Nilikosa 10,000 na sikio la kujua ziende wapi.

Kijana anapiga saa moja kila siku. Juzi tumejumlisha: saa zangu 11 na zake 179, jumla 190. Gitaa na fundi ni 190,000. Shilingi 1,000 kwa saa, na kila jioni inashuka kidogo, naisikia ikishuka kupitia ukutani. Nimemwuliza kama ninaweza kuliazima Jumamosi. "Unaweza, anko," amenijibu kwa adabu zote. "Ila njoo kwanza mazoezini Jumanne. Besi tumepungua."